Fahamu ramani ya miamba ya Taita: inavyochorwa, inachosema na inachonyamazia

Kila mara mzozo wa madini unapozuka Taita Taveta, iwe ni vito vya Mwatate, chuma cha Kishushe au yakuti za Mangari, kuna karatasi moja ambayo hutajwa na wengi na kuonekana na wachache. Karatasi hiyo ni ramani ya jiolojia. Mwekezaji huja nayo mkononi, wataalamu huinukuu, na mwenye shamba huambiwa tu kwamba "ramani inaonyesha kuna mali hapa".

Makala haya yanaeleza ramani hiyo ni kitu gani, inachorwaje katika milima ambayo miamba yake imekunjwa na kusukumwa, na kwa nini ni vyema mkazi wa Pwani aielewe kabla ya kuchimba, kuuza au kutia sahihi.

Kutoka Mombasa hadi Voi

Njia rahisi ya kuielewa miamba ya Taita ni kuanzia baharini. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe ya kale, yaleyale yanayokatwa matofali ya kujengea. Ukivuka Makupa kwenda Changamwe na Miritini unakanyaga tope la bahari ya zamani lililogandamana likawa jiwe laini. Ukipanda Mazeras unaingia kwenye mawe ya mchanga, na mawe ya namna hiyo yanaendelea Mariakani, Maji ya Chumvi na Taru. Wanajiolojia waliyapa matabaka hayo majina ya miji hiyohiyo, na kwa pamoja wanayaita mawe ya mchanga ya Duruma. P. V. Caswell wa idara ya jiolojia ya serikali ya kikoloni aliyaeleza katika ripoti mbili, ya Mombasa na Kwale mwaka 1953, na ya Kilifi na Mazeras mwaka 1956.

Matabaka hayo yamelala kwa utulivu. Yanainama kidogo kuelekea baharini, na kadiri unavyokwenda bara ndivyo mawe yanavyozidi kuwa ya kale. Kuchora ramani yake hakuna utata mkubwa, kwa kuwa tabaka la juu ni changa kuliko la chini, na ukilijua moja unaweza kukisia linalofuata.

Mambo hubadilika ukishapita Taru kuelekea Mackinnon Road. Hapo mawe ya mchanga yanakwisha na unakanyaga kile wanajiolojia wanachokiita mwamba wa msingi, yaani mwamba wa kale ambao mengine yote yameukalia. Juu ya tambarare hiyo ndipo inaposimama milima ya Dawida, Sagala na Kasigau. Kilele cha juu zaidi, Vuria, kina urefu wa mita 2,208.

Ni muhimu kukumbuka kwamba vilima vya Pwani havina asili moja. Shimba Hills ni mawe ya mchanga yaliyolala. Mrima na Jombo, kule Kwale, ni mwamba wa moto uliopanda kutoka chini ya ardhi na kupasua mawe ya juu yake. Taita ni mabaki ya safu ya milima iliyokunjwa. Kwa hiyo yale yaliyosemwa kuhusu madini ya Mrima hayawezi kuhamishiwa Mwatate kwa hoja kwamba yote ni milima ya Pwani.

Bahari iliyofungwa

Miamba ya Taita ni sehemu ya ukanda mrefu unaotoka Msumbiji, ukapita Tanzania na Kenya na kuendelea kaskazini hadi Ethiopia na Sudan. Mwanajiolojia Mwingereza Arthur Holmes ndiye aliyeupa jina la Ukanda wa Msumbiji, katika mada iliyotolewa mwaka 1948 na kuchapishwa 1951.

Kabla ya milima kulikuwa na bahari. Ushahidi wake uko wazi hata kwa asiye mtaalamu. Kuna marumaru katika tambarare za kusini mwa Dawida na kuelekea Kasigau, na marumaru ni chokaa ya baharini iliyopikwa. Kuna grafaiti, ile nyeusi inayochafua vidole kama risasi ya penseli, nayo ni kaboni inayodhaniwa kutokana na masalia ya viumbe vidogo vilivyozikwa kwenye tope. Kuna naisi, mwamba wenye mistari myeupe na myeusi, ambao sehemu yake ilianza kama tope na mchanga wa kawaida.

Kati ya miaka milioni 650 na milioni 550 hivi iliyopita, mabara mawili yaliyokuwa ng'ambo mbili za bahari hiyo yalisogeleana hadi yakagongana. Tope, mchanga na chokaa vilishindiliwa chini zaidi ya kilomita 20, penye joto la nyuzi 700 na zaidi. Katika hali hiyo mwamba hauyeyuki wote, lakini unalainika kama unga uliokandwa. Unakunjika, unavutika, na madini mapya yanaota ndani yake.

Baada ya hapo mvua, mito na wakati viliila milima hiyo kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Tunachokiona leo Wundanyi au Rukanga ni sehemu iliyokuwa kwenye vina vya chini, iliyofunuliwa baada ya vyote vya juu kuondolewa. Na vilivyoondolewa havikupotea. Vilisombwa na kuwa mchanga wa Duruma, na kutoka hapo sehemu yake ikawa mchanga mwekundu wa Kwale ambao titani yake ilichimbwa hadi mwisho wa mwaka 2024.

Kukunjwa kuna shida gani?

Chukua mkeka wenye mistari ya rangi, uukunje mara tatu, kisha uutazame kwa ubavu. Mstari mwekundu utauona mara tatu au nne. Asiyejua kwamba mkeka umekunjwa atasema kuna mistari mingi myekundu. Anayejua atasema ni mmoja, unaorudi.

Hivyo ndivyo ilivyo Taita. Mtu anayetembea kutoka kusini kwenda kaskazini anaweza kukuta marumaru, kisha naisi, kisha marumaru tena. Je, ni matabaka mawili tofauti ya marumaru au ni moja lililokunjwa? Na mkunjo wenyewe ukikunjwa mara ya pili kwa upande mwingine, swali linakuwa gumu zaidi. Kanuni ya Mazeras, kwamba la juu ndilo changa, haifanyi kazi hapa, kwa sababu tabaka zima linaweza kuwa limepinduliwa juu chini.

Zaidi ya mikunjo kuna mipasuko ya aina mbili. Katika baadhi ya maeneo ya Dawida, pande kubwa za mwamba zilisukumwa zikapanda juu ya nyingine, na kwa jumla zinainama kuelekea kaskazini na kaskazini-mashariki. Ukienda mashariki, Sagala juu ya mji wa Voi, matabaka yamesimama karibu wima na yanakwenda kaskazini-kusini, kwa sababu huko ardhi ilikwaruzana ubavu kwa ubavu. Umbali kati ya milima hiyo miwili si mkubwa, lakini anayechimba Sagala kwa mazoea ya Mwatate atapotea.

Kazi yenyewe inavyofanywa

Kazi huanza mezani. Mwanajiolojia hutazama picha zilizopigwa kutoka angani, kwani miamba migumu huacha vigongo na miamba laini huacha mabonde. Kisha hupanga njia za kutembea zinazoyakata matabaka, si zinazoyafuata, na hupendelea makorongo ya mito ambapo maji yameuosha mwamba.

Akifika penye mwamba wazi, jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba ni mwamba kweli wala si jiwe kubwa lililoporomoka kutoka juu. Makosa mengi huanzia hapo. Kisha huuvunja kwa nyundo apate uso mpya, maana uso wa nje umebadilishwa na jua na mvua. Huutazama kwa lenzi ya mkononi: kuna ulanga unaometa? Kuna ganeti, zile punje nyekundu za mviringo? Akidhani ni marumaru hudondosha tone la asidi hafifu, na chokaa ikiwamo litatoa povu.

Halafu anapima vitu viwili kwa dira maalumu. La kwanza ni mwelekeo wa tabaka. Fikiria jiwe bapa limeegemea ufukweni na nusu yake imo majini: mstari ambao maji yanauchora juu ya jiwe ndio mwelekeo wake. La pili ni mwinamo, yaani jiwe hilo linazama upande gani na kwa nyuzi ngapi. Vipimo hivyo viwili huandikwa kwenye ramani kwa alama ndogo: kistari kirefu cha mwelekeo, na kijistari kifupi kinachoonyesha upande wa mwinamo, pamoja na namba ya nyuzi. Ukiijua alama hiyo moja tu, tayari unasoma nusu ya ramani.

Mahali ambapo hakuna mwamba wazi, na katika nyika ya chini hizo ni sehemu nyingi, anatumia dalili. Rangi ya udongo husaidia. Vichuguu navyo husaidia, kwa sababu mchwa hupandisha udongo kutoka chini, na kichuguu kilichokaa juu ya mwamba wa grafaiti kinaweza kuwa na vipande vyake vinavyong'aa.

Sampuli hupelekwa maabara. Huko jiwe hukatwa na kusagwa hadi linakuwa bamba jembamba la sehemu 3 za 100 za milimita, ambalo mwanga unapita. Chini ya hadubini madini yake huonekana moja moja, na namna yalivyopangana huonyesha joto na mgandamizo uliyapitia. Umri hupimwa kwa punje za zirkoni, ambazo zina urani inayogeuka risasi kwa kasi inayojulikana.

Mwisho ndipo mistari ya mipaka huchorwa. Kanuni ya kimataifa ni kwamba mpaka uliothibitishwa huchorwa kwa mstari kamili, na ule uliokisiwa huchorwa kwa vistari vilivyokatika. Chini ya ramani huwekwa mchoro wa mkato, kana kwamba mlima umepasuliwa kwa kisu, unaoonyesha jinsi mchoraji anavyodhani matabaka yanakwenda chini ya ardhi. Neno "anavyodhani" ni la kuzingatiwa. Mchoro huo ni hoja iliyojengwa juu ya vipimo, na hoja inaweza kubadilika vikipatikana vipimo zaidi.

Waliochora Taita

Njia ya misafara kutoka Mombasa kwenda Kilimanjaro ilipita karibu na Kasigau, ambao wageni wa karne ya 19 waliuandika Kadiaro. Mmisionari Johannes Rebmann alifika huko kutoka Rabai mwaka 1847. Mwaka 1861 alipita Richard Thornton, mwanajiolojia kijana kutoka Uingereza, akiwa katika msafara wa Karl Klaus von der Decken. Bila wapagazi na waongozaji wa Pwani na wa Taita, hakuna hata mmoja kati yao ambaye angefika.

Ramani kamili zilikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Idara ya jiolojia ya Kenya iliigawa nchi katika miraba na kumtuma mtaalamu kila eneo. L. M. Bear aliandika ripoti ya Taveta mwaka 1955, J. Walsh ya eneo la kusini mwa milima ya Taita mwaka 1960, E. P. Saggerson ya Kasigau na Kurase mwaka 1962, na L. A. J. Sanders ya Voi na Yatta Kusini mwaka 1963. Nyingi za ramani hizo zilichapishwa kwa kipimo cha 1 kwa 125,000.

Saggerson ndiye aliyeyagawa matabaka ya eneo lake makundi mawili yanayotumika hadi leo. Kundi la Kurase lina marumaru na naisi zenye grafaiti, dalili ya bahari. Kundi la Kasigau lina naisi ngumu zaidi, zenye kwatzi na feldispa nyingi, na ndizo zinazoufanya Mlima Kasigau usimame na majabali yake makali juu ya tambarare. Mgawanyo huo unaonekana kama mambo ya darasani, lakini ndio uliokuja kuamua thamani ya mashamba ya watu, kama tutakavyoona.

Miaka ya 1970 ilileta wataalamu kutoka Austria waliofanya kazi na serikali ya Kenya. Walter Pohl na Gerhard Niedermayr walitoa ripoti ya eneo la Mwatate mwaka 1979, ikiwa na ramani ya kipimo cha 1 kwa 50,000. Miaka ya karibuni serikali imefanya uchunguzi wa madini nchini kwa kutumia ndege. Ndege hupima nguvu ya sumaku na mnururisho wa ardhi. Kipimo cha sumaku kinafaa sana kutafuta miamba ya chuma kama ya Kishushe, lakini bado lazima mtu aende kwa miguu na nyundo ili kujua alichokiona rubani ni kitu gani.

Mfano: ganeti ya kijani

Campbell Bridges, mwanajiolojia aliyezaliwa Scotland, alipata ganeti ya kijani Tanzania mwaka 1967, na miaka michache baadaye akaipata Taita. Mwaka 1974 duka la vito la Tiffany la New York lilianza kuiuza kwa jina la tsavoraiti, kutokana na Tsavo. Bridges aliuawa mwezi Agosti 2009 aliposhambuliwa karibu na machimbo yake, katika mzozo wa haki za uchimbaji. Damu imemwagika kwa ajili ya jiwe hili, kwa hiyo inafaa kujua linapatikanaje.

Rangi ya kijani inatokana na vanadi. Vanadi ilikuwa imeshikwa ndani ya tope jeusi la bahari, lile lililokuja kuwa naisi ya grafaiti. Chokaa ilitoka kwenye matabaka ya baharini yaliyokuwa jirani. Mgandamizo wa mabara ulipovikutanisha, ganeti ikaota, mara nyingi katika vibonge vya ukubwa wa kiazi. Kwa hiyo tsavoraiti haitapakai ovyo. Inafuata matabaka maalumu ndani ya kundi la Kurase. Anayelijua tabaka na mikunjo yake anajua pa kutafuta.

Wachimbaji wadogo wanajua jambo hili kwa mikono yao. Wanafuata mkanda wa grafaiti hadi siku unapokatika ghafla. Hapo kuna uwezekano wa aina tatu. Huenda tabaka lilivutwa likanyofoka vipande, kama unga wa chapati uliovutwa kupita kiasi, na kipande kinachofuata kiko mbele kwenye mstari uleule. Huenda wamefika kwenye kona ya mkunjo, na tabaka limerudi nyuma chini au juu yao. Au huenda kuna ufa uliolihamisha tabaka kando. Kila jibu lina upande wake wa kuchimba, na kukosea ni kupoteza miezi ya kazi. Vipimo vichache vya mwelekeo na mwinamo, vikichukuliwa kwa makini, mara nyingi huonyesha jibu lipi ndilo.

Jambo jingine ni la uhai. Ukuta wa shimo ambao matabaka yake yameinama kuelekea ndani ya shimo huweza kuteleza kama vitabu kwenye meza iliyoinuliwa upande mmoja, hasa baada ya mvua. Ukuta wa upande wa pili, ambao matabaka yake yanazama kuelekea ndani ya mlima, kwa kawaida hauna hatari hiyo ya kuteleza. Hili halihitaji maabara. Mchimbaji yeyote anaweza kutazama mistari ya mwamba kabla hajaingia, na hali ni ileile kwa anayekata kilima cha Wundanyi ili kujenga nyumba.

Yakuti nyekundu za Mangari zina hadithi yao. Ziligunduliwa mwaka 1973 na Mmarekani John Saul na mwenzake. Zenyewe zinahusiana na vipande vidogo vya mwamba mweusi wenye magnesi nyingi na silika kidogo, vilivyobanwa katikati ya matabaka ya baharini. Kwenye ramani ni madoa madogo tu, na mkunjo au ufa mmoja unaweza kulificha doa lote chini ya ardhi.

Maji pia yako kwenye ramani

Madini huchukua nafasi kubwa ya mazungumzo, lakini kwa watu wengi mwamba ni suala la maji. Naisi haina vitundu vya kuhifadhi maji kama mawe ya mchanga. Maji yake yako kwenye nyufa na kwenye tabaka la juu lililooza. Ndiyo maana visima viwili vinaweza kuchimbwa karibu karibu, kimoja kikapata maji na kingine kikatoa vumbi. Ramani inayoonyesha nyufa inapunguza bahati nasibu hiyo, ingawa haihakikishi kwamba maji yatakuwa matamu.

Mombasa nayo imo katika hesabu hii. Maji ya Mzima, yanayoletwa mjini kwa bomba tangu miaka ya 1950, yanatokana na mvua inayonyesha Chyulu. Mvua hiyo inapenya kwenye zaha na majivu ya volkano, inafika kwenye mwamba wa msingi usiopitisha maji kwa urahisi, kisha inasafiri chini kwa chini hadi inapobubujika. Mwamba uleule mgumu unaomnyima maji mkulima wa Mwatate ndio unaoyazuia maji ya Chyulu yasididimie, yakafika kwenye mifereji ya Mombasa.

Kile ramani isichosema

Tuchukue hesabu ndogo. Kwenye ramani ya 1 kwa 125,000, milimita moja ni mita 125 ardhini. Shamba la ekari mbili lenye umbo la mraba lina upande wa mita 90 hivi. Maana yake shamba zima halijai hata milimita moja ya karatasi, na unene wa kalamu ya mchoraji unaweza kulifunika. Kwenye ramani ya 1 kwa 50,000, shamba hilohilo linakuwa karibu milimita mbili. Kwa hiyo hakuna anayeweza kutumia ramani hizo peke yake akamwambia mwananchi kwamba shamba lake lina vito au halina.

Pia ramani inaonyesha aina ya mwamba. Haionyeshi wingi wa mali. Kuwapo kwa naisi ya grafaiti ni sharti la tsavoraiti, lakini kilomita nyingi za naisi hiyo hazina hata jiwe moja la kuuza. Alama ya madini kwenye ramani humaanisha kwamba mtu aliwahi kuyaona pale. Kujua kama yanatosha kuchimbwa kwa faida kunahitaji mitaro, mashimo ya kuchoronga na vipimo vya maabara. Kayanaiti ya Murka ilichimbwa katikati ya karne ya 20, na alama yake bado iko kwenye ramani.

Mwisho, ramani ya miamba haisemi ardhi ni ya nani. Kifungu cha 62 cha Katiba kinayahesabu madini kuwa ardhi ya umma, hata yakiwa chini ya shamba lenye hati. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii inayoishi penye machimbo. Asilimia hiyo 10 ni haki ya jamii, na jamii inayojua mwamba umekwenda wapi inaweza kujua pia machimbo yanaingia chini ya kijiji gani.

Maswali ya kuuliza baraza linapoitishwa

Mtu akija kijijini na ramani, mkazi hahitaji digrii ili kuuliza yafuatayo:

1. Ramani hii ni ya mwaka gani na ya kipimo gani? Ramani ya 1962 inaweza kuwa sahihi kwa aina ya mwamba, lakini haitoshi kuamua mpaka wa leseni katikati ya mashamba.

2. Mstari unaopita hapa ni kamili au ni wa vistari? Kama ni wa vistari, basi hakuna aliyeuona mpaka huo. Umekisiwa.

3. Tabaka linainama upande gani na kwa nyuzi ngapi? Mkanda unaoonekana juu ya shamba la mmoja ukizama kwa mwinamo mdogo kuelekea mashariki, baada ya mita chache utakuwa chini ya shamba la jirani wa mashariki. Huyo jirani anapaswa kuwa kwenye mkutano.

4. Sampuli zilichukuliwa wapi, na majibu yako wapi? Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

5. Ni nani mwingine amepima? Katika miamba iliyokunjwa, wataalamu wawili waaminifu wanaweza kuchora michoro miwili tofauti kutokana na vipimo vilevile. Kuomba maoni ya pili ni utaratibu wa kawaida wa kazi hii, wala si kumtilia mtu shaka.

Vijana wa Taita, Kwale na Kilifi wanaosoma jiolojia katika vyuo vyetu wana nafasi ya pekee hapa. Wengi wa waliochora ramani za kwanza walikuja kwa msimu mmoja au miwili, kisha wakaondoka. Anayeishi Kamtonga au Bungule anaweza kurudi kwenye korongo lilelile kila baada ya mvua kubwa, akaona mwamba mpya uliofunuliwa, akaupima na kuuandika. Dira na daftari vinatosha kuanza, na vistari vingi vya ramani ya Taita bado vinangoja mtu wa kuvifanya mstari kamili.